Usihesabu matundu ya kompyuta, uliza yaliyo nyuma yake

MAMA mmoja mtaani kwetu ana duka dogo la kuchapisha barua, kutoa nakala na kupiga picha za paspoti. Msimu wa harusi ukifika, yeye na kijana wake wa kazi hubeba kamera wakaenda kupiga picha kanisani na nyumbani kwa maharusi. Ni mtu mwaminifu, na sifa zake zimevuka mtaa.

Miaka michache iliyopita alijifunga kibwebwe, akaweka akiba, kisha akashika njia hadi jijini Nairobi kuundiwa kompyuta ya mezani. Hakutaka ile inayouzwa tayari imefungwa sandukuni. Alitaka ya kuundwa, fundi amchagulie kila kipuri kulingana na kazi yake. Alipoulizwa haja yake, alitaja jambo moja.

"Fundi, mimi nina vyombo vingi. Nataka iwe na matundu mengi ya USB."

"Usijali, mama," fundi akamjibu. "Hii ina manane. Sita nyuma, mawili mbele. Utachomeka mpaka uchoke."

Mama akayahesabu, akaona kweli ni manane, akalipa, akarudi nyumbani na furaha yake.

Msomaji mpenzi, matundu manane si mengi kama unavyodhani. Kibodi ilichukua moja, kipanya la pili, printa ya rangi la tatu, printa ya karatasi nyeusi na nyeupe la nne, skana la tano, kamera la sita na modemu la saba. Likabaki moja la mbele. Hapo mama akanunua kigawanyi, kile kijidude chenye waya mmoja na midomo minne, akakichomeka katika tundu hilo la mwisho. Mdomo mmoja ukawa wa flashi za wateja, wa pili ukawa wa diski ya nje anamohifadhi picha za harusi, na miwili iliyosalia ikawa ya wateja kuchajia simu wakisubiri zamu yao.

Jumamosi moja duka likiwa limefurika, diski ile ililia tik, tik, tik, kisha ikatoweka kwenye skrini. Kijana akaichomoa, akaichomeka tena. Kompyuta ikamwuliza kama angependa diski hiyo ifomatiwe ili iweze kutumika. Kwa haraka ya wateja, kijana akabonyeza ndiyo.

Ndani ya diski ile mlikuwa na picha za harusi ya juma lililotangulia, na kadi za kamera zilikuwa zimekwisha kufutwa ili zitumike tena. Fundi alifanikiwa kuokoa baadhi ya picha, wala si zote. Miongoni mwa zile zilizopotea ni picha za babu wa bi harusi, aliyeletwa kutoka mashambani kumbariki mjukuu wake. Baada ya majuma sita mzee huyo akafariki, na jamaa zake wakaja dukani kutafuta picha ya kuweka juu ya jeneza.

Mama aliwarudishia pesa zao zote. Lakini pesa hurudishwa. Uso wa babu akicheka na mjukuu wake haurudishwi.

Sikisimulii kisa hiki ili kumlaumu fundi. Hakudanganya, kwani matundu yalikuwa manane kweli. Kosa ni kwamba mama alihesabu matundu na wala hakuna aliyemweleza kuwa tundu ni mdomo tu. Linaloamua kama chombo kitafanya kazi ni kile kilicho nyuma ya mdomo huo. Usione vyaelea, vimeundwa. Basi leo tutazame jinsi vilivyoundwa, ili nawe ukienda kuundiwa kompyuta ujue la kuuliza.

Asili ya tundu hili

Zamani kila chombo kilikuwa na tundu lake. Printa ilikuwa na mdomo mpana wenye vipini vingi, kipanya chake, kibodi yake, na aliyekosea alikunja vipini. Mnamo mwaka 1996 kampuni saba zikiwemo Intel, Microsoft, IBM na Compaq zilitoa utaratibu mmoja wa kuunganisha vyombo vya aina zote. Huo ndio USB. Toleo la pili, USB 2.0, lilitoka mwaka 2000, na USB 3.0 likafuata mwaka 2008. Matoleo mengine yamekuja baadaye, lakini hayo mawili ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi katika kompyuta za mezani.

Nyuma ya matundu mna kitu kinachoitwa kidhibiti. Huyu ndiye msimamizi. Kila kinachochomekwa hujitambulisha kwake, naye hukipa namba, hukikadiria umeme, na hukipangia zamu ya kupitisha habari. Matundu kumi yanaweza kuwa chini ya msimamizi mmoja. Kwa hivyo mipaka unayopaswa kuijua ni mitatu, nayo ni namba, nguvu na njia.

Namba

Kwa kanuni za USB, kidhibiti kimoja kinaweza kutoa namba kwa vyombo 127, vigawanyi vyenyewe vikiwemo. Namba sifuri haigawiwi. Hutumiwa na mgeni anapobisha hodi, kabla hajapewa yake. Aidha, huwezi kuunganisha kigawanyi nyuma ya kigawanyi bila kikomo. Mwisho ni vitano mfululizo.

Utasema, "Mimi nitatoa wapi vyombo 127?" Hapana shaka hutavifikisha. Hata hivyo, kumbukumbu ya kidhibiti inaweza kujaa mapema zaidi, kwa sababu chombo kimoja hakichukui nafasi moja tu. Kamera yenye kipaza sauti, kwa mfano, huchukua nafasi ya picha, ya sauti na ya maagizo. Ndiyo maana baadhi ya watu hupata ujumbe kwamba rasilmali za kidhibiti hazitoshi, ilhali wamechomeka vyombo vichache tu.

Hata hesabu ya matundu yenyewe ina utata. Tundu la buluu, yaani la USB 3.0, lina makundi mawili ya nyaya ndani yake, moja la mwendo wa zamani na jingine la mwendo mpya. Kwa macho yako ni tundu moja, kwa kompyuta ni poti mbili. Wapo vijana wanaotia mfumo wa Apple katika kompyuta walizojiundia, jambo ambalo leseni ya Apple hairuhusu. Tangu toleo la El Capitan la mwaka 2015 walikuta mfumo huo unakubali poti 15 tu kwa kila kidhibiti. Mwenye matundu kumi ya buluu alishangaa baadhi yake yakikataa kufanya kazi, maana alihesabu kumi na kompyuta ikahesabu ishirini.

Kumbuka pia kwamba vipo vitu vya ndani usivyoviona ambavyo vinatumia poti hizo hizo. Bluetooth ya kompyuta na kisomeo cha kadi kilicho mbele ya kasha, mara nyingi vimeunganishwa kwa USB.

Nguvu

Huu ndio mpaka uliomponza mama yule.

Fikiria ploti yenye tangi moja la maji na mifereji mingi. Mpangaji mmoja akifungua, maji yanatoka kwa kasi. Wote wakifungua asubuhi moja, wa mwisho hupata matone. Umeme wa USB ni vivyo hivyo. Kwa kanuni, tundu la USB 2.0 hutoa umeme wa volti 5 na mkondo usiozidi miliampia 500. Tundu la USB 3.0 hutoa miliampia 900.

Sasa chukua kigawanyi kisicho na waya wake wa stima, ukichomeke katika tundu la miliampia 500. Chenyewe hutengewa 100. Zinabaki 400 za kugawia midomo minne, yaani 100 kwa kila mmoja. Kibodi na kipanya vitashiba. Flashi huenda ikajikaza. Lakini diski ya kubebwa, ambayo inazungusha sahani ndani yake kwa umeme wa tundu, haitoshelezwi na kiasi hicho. Ongeza simu mbili zinazonyonya chaji, na diski itazimika katikati ya kuandika. Diski ikizimika inapoandika, orodha yake ya mafaili inaweza kuvurugika, na ndipo kompyuta huanza kuuliza habari za kufomati.

Printa na skana kubwa huwa na waya wao wa stima, hivyo hazidai nguvu nyingi kutoka kwenye tundu. Kadhalika diski kubwa za mezani zenye adapta yake. Wanyonyaji ni diski za kubebwa, simu, taa na vipepeo vidogo vya USB ambavyo watoto huvipenda sana wakati wa joto.

Njia

Mpaka wa tatu ni barabara. USB 2.0 ina mwendo wa megabiti 480 kwa sekunde, na USB 3.0 ina gigabiti 5, zaidi ya mara kumi. Lakini mwendo huo ni wa barabara nzima. Vyombo vyote vilivyo nyuma ya kigawanyi kimoja hupita katika waya mmoja, kama matatu zote za mtaa zinazotokea kwenye njia moja kuingia barabara kuu.

Kipanya na kibodi ni waenda kwa miguu, hawazibi njia. Diski ni lori. Kamera ni msafara wa rais, kwani hutengewa sehemu yake ya barabara hata kabla haijaanza kutembea. Ndiyo sababu kamera mbili nyuma ya kigawanyi kimoja cha USB 2.0 huenda zikagoma, moja ikaonyesha picha na ya pili ikabaki giza. Wala kamera haijaharibika. Ihamishie tundu la kompyuta lenyewe uone.

Kabla hujalipa

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kumwendea fundi, keti na karatasi uandike kila chombo utakachochomeka, pamoja na unavyotarajia kununua mwaka ujao. Kando ya kila kimoja andika kama kina waya wake wa stima, kama kinabeba mafaili mazito, na kama kitakaa pale daima au ni cha kuchomeka na kuchomoa. Kisha ongeza matundu mawili ya akiba. Akiba haiozi.

Ukifika kwa fundi, usione haya. Kuuliza si ujinga. Muulize hivi:

Kwanza, madabodi hii ina poti ngapi za USB, na ngapi kati yake ni za USB 3.0? Mathalan, madabodi zenye chipu ya Intel H81, iliyotoka mwaka 2013 na ambayo imo katika mashine zilizokwisha kutumika, zina poti zisizozidi kumi, na ni mbili tu kati yake zenye mwendo wa USB 3.0. Kasha likiwa na matundu manne ya buluu usidhani yote yatapata mwendo huo.

Pili, matundu ya mbele ya kasha yataunganishwa wapi? Hayo hayako juu ya madabodi. Yanapelekwa kwa nyaya hadi kwenye vipini vilivyo ndani. Kipande cha vipini tisa hulisha matundu mawili ya USB 2.0, na kile cha vipini 19 hulisha mawili ya USB 3.0. Kasha likiwa na matundu mengi kuliko vipini, baadhi yatabaki mapambo. Mwambie fundi achomeke flashi katika kila tundu mbele yako, moja baada ya jingine, kabla hujatoa pesa mfukoni.

Tatu, je, kuna matundu ya mviringo ya kibodi na kipanya? La zambarau ni la kibodi na la kijani ni la kipanya. Baadhi ya madabodi huwa na moja au yote mawili. Kibodi na kipanya vya aina hiyo vitakuachia matundu mawili ya USB kwa kazi nyingine.

Nne, je, ndani kuna nafasi tupu ya PCI Express? Huko ndiko unakoweza kuongeza kadi yenye matundu mapya siku utakapopungukiwa. Kadi hiyo huja na kidhibiti chake, kwa hivyo hukuongezea msimamizi mwingine na wala si midomo mitupu. Ile yenye mahali pa kupokea umeme moja kwa moja kutoka pawa saplai ya kompyuta ndiyo bora kwa mwenye diski nyingi.

Kama umekwisha kuinunua

Usikate tamaa, msomaji. Mara nyingi dawa ni mpango tu.

Diski ya nje ichomeke nyuma ya kompyuta, katika tundu lililo juu ya madabodi yenyewe, na likiwa la buluu ni heri zaidi. Matundu ya mbele yaachie flashi za wateja na vitu vya kuingia na kutoka. Kamera nayo ipe tundu lake.

Kibodi, kipanya na printa unaweza kuvihamishia kwenye kigawanyi bila hofu. Ukinunua kigawanyi, tafuta chenye adapta yake ya stima, na usome juu ya adapta hiyo inatoa ampia ngapi. Yenye volti 5 na ampia 2 haiwezi kulisha diski nne, hata kama kigawanyi kina midomo kumi.

Simu zisichajiwe kwenye kompyuta ya kazi. Wawekee wateja chaja ya ukutani. Utapoteza soketi moja na kuokoa mengi.

Kama printa yako inaweza kuunganishwa kwa Wi-Fi au kwa waya wa mtandao, iunganishe huko, nawe utajirudishia tundu zima.

Waya wa USB 2.0 usizidi mita 5. Wenye skana mwisho wa chumba hupenda kuunga waya kwa waya, kisha wakalalamika kuwa mashine ni mbovu.

Ukitumia kipanya kisicho na waya na ukaona kinarukaruka kila diski ya USB 3.0 inapofanya kazi, usikitupe. Vyombo vya USB 3.0 hutoa kelele za redio katika masafa yale yale ya gigahezi 2.4 ambayo kipanya hicho hutumia. Kisogeze kipokezi chake mbali na tundu la buluu.

Kabla ya kuchomoa diski, iage kompyuta kwanza kwa kubonyeza palipoandikwa kuondoa salama. Na endapo kompyuta itakuuliza kama ungependa kufomati diski unayojua ina vitu vyako, jibu ni la, hata kama duka limejaa wateja hadi mlangoni. Ichomoe, ijaribu katika tundu la nyuma bila kigawanyi. Ikikataa bado, iweke kando, usiandike chochote juu yake, umpelekee fundi. Wafundishe hivyo hata watoto nyumbani, maana mara nyingi wao ndio wanaoketi mbele ya skrini.

Juu ya hayo yote, kitu cha thamani kisikae katika diski moja. Weka nakala mbili katika diski mbili, na mojawapo isilale chini ya paa moja na kompyuta. Hakuna mpango wa matundu utakaokuokoa na mwizi au moto.

Mama yule bado ana kompyuta ile ile. Aliongeza kadi ndani, akanunua kigawanyi chenye adapta, na ukutani kwake pana chaja ya wateja. Kadi za kamera hazifutwi tena mpaka picha ziwe katika diski mbili na yeye mwenyewe azifungue azione. Ilimgharimu pesa chache kuliko alizowarudishia jamaa wale.

Juzi nilimkuta akimpokea mteja aliyetaka ushauri wa kuundiwa kompyuta. Mteja alisema anataka yenye matundu mengi. Mama akavuta karatasi na kalamu, akamsogezea.

"Keti hapa, mwanangu," akamwambia. "Niandikie kwanza utachomeka nini."

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri ya kuonana.